Herufi 26 za Msasa, na Zile Ambazo Hazikuwamo Sandukuni

Mwezi wa Februari mwaka huu nilinunua sanduku la vibao vya herufi za msasa katika duka moja la vitabu na vifaa vya shule mjini Kisumu, kwa shilingi 3,400, baada ya kumbembeleza mwenye duka hadi akaniondolea mia mbili. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka minne na kuanza darasa la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea. Mimi kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na nilikuwa nimegundua, kwa aibu kidogo, kwamba ninaweza kuwaeleza vijana wa kidato cha tatu tofauti ya kipasuo (sauti kama b) na kikwamizo (sauti kama s) bila kufungua kitabu, lakini sijui nianzie wapi kumfundisha mtoto wangu mwenyewe sauti ya herufi moja. Miezi saba imepita tangu siku hiyo. Vibao vimeshikwa karibu kila jioni, kimoja kiliangukia kwenye uji, viwili vimebanduka msasa, na nadhani sasa ninaweza kukipima kifaa hiki kwa haki.

Nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya mezani. Baba wa mtoto ni Mjaluo, mimi nimetoka Mumias, na tangu tuoane tumezungumza Kiswahili, isipokuwa mama mkwe anapokuwapo, hapo Kijaluo huingia na kutoka kipendavyo. Ninalisema hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya malalamiko yangu inatokana nalo: mtoto huyu anajifunza kusoma kwa Kiswahili kwanza, na sanduku nililolinunua halikutengenezwa kwa ajili ya mtoto kama yeye.

Ndani ya sanduku mna vibao 26, kila kimoja kikiwa na herufi ndogo moja iliyokatwa kwa karatasi ya msasa na kugandishwa juu yake. Irabu tano ziko kwenye vibao vya samawati na konsonanti ziko kwenye vya waridi. Watengenezaji wengine hugeuza rangi hizo, na hilo si kosa, mradi mtoto aone kwa macho kuwa kuna makundi mawili. Mna pia kijitabu cha Kiingereza chenye kurasa nane, pamoja na kadi za picha, moja kwa kila herufi. Kadi hizo hazitanichelewesha: herufi i imepewa picha ya nyumba ya barafu, katika mji ambao barafu tunaiona kwenye masanduku ya samaki pale ufukweni Dunga, na hata picha ingekuwa ya kitu tunachokijua, jina lake kwa Kiswahili lisingeanza na i. Nilizifunga kwa mpira nikaziweka juu ya kabati.

Vibao vyenyewe ni habari nyingine. Aliyevibuni ni Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, na aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa watu maskini mjini Roma ambako wazazi walishinda kazini na watoto wadogo wakabaki majengoni bila mwangalizi. Kabla ya hapo alikuwa amewatengenezea watoto wenye ulemavu wa akili herufi za mbao za kuchongwa, akaona kwamba mtoto anayepitisha kidole juu ya umbo la herufi mara kwa mara huja kuliandika umbo hilo kwa wepesi anapopewa kalamu. Alipotaka herufi kama hizo kwa ajili ya San Lorenzo, gharama ya kuchonga ilimshinda, naye akazikata kwa karatasi na kwa msasa. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapoona bei za vifaa vinavyouzwa kwa jina lake, kwa maana msasa uliingia darasani kwa kuwa ulikuwa rahisi. Anayedhani kwamba njia hii ni ya shule za matajiri tu na atazame Nakuru, ambako shule za Corner of Hope, zilizoanzia katika kambi ya watu waliopoteza makao baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, zinaifuata njia hiyohiyo.

Matumizi ya vibao ni mepesi kuyaeleza na magumu kuyazoea. Mzazi huketi kando ya mtoto, wala hamkabili, ili wote wawili waione herufi kutoka upande mmoja. Mtoto hunawa mikono, na maji yakiwa vuguvugu ni bora zaidi kwa kuwa ncha za vidole huamka. Mzazi hupitisha kidole cha shahada na cha kati juu ya msasa, kwa mwelekeo uleule ambao kalamu ingepita, kisha hutamka sauti ya herufi bila maelezo yoyote, na mtoto hurudia. Jina la herufi halitajwi. Hakuna "em" wala "es". Kuna mmm na sss. Jicho linaona, sikio linasikia, na mkono unapita njia ambayo baadaye itapitwa na penseli, yote kwa wakati mmoja. Asiyeamini kwamba vidole vina kumbukumbu amwulize msusi yeyote wa mtaa wa Kondele kama huwa anahesabu nywele.

Baada ya hapo huja somo la hatua tatu, ambalo Montessori alilichukua kutoka kwa Édouard Séguin, daktari Mfaransa aliyewafundisha watoto wenye ulemavu wa akili katika karne ya 19. Katika hatua ya kwanza mzazi husema, "Hii ni mmm." Katika hatua ya pili, ambayo ndiyo ndefu na ndiyo tamu, huagiza: nipe mmm, ifiche sss chini ya mto, mpelekee dani (yaani nyanya yake, kwa Kijaluo) aaa, weka mmm juu ya kiti cha baba. Ni katika hatua ya tatu tu ndipo anapouliza, "Hii ni ipi?" Mtoto akikosea hasahihishwi, mzazi hurudi hatua moja nyuma kana kwamba hakuna lililotokea, au hufunga somo hadi kesho. Kwangu mimi niliyezoea kalamu nyekundu, sharti hilo lilikuwa mateso. Wiki ya kwanza nilisema "hapana" mara nyingi mno, na siku ya nne mtoto alipoliona sanduku alitoka nje akaenda kuwakimbiza kuku wa jirani. Nilipojifunza kunyamaza, akarudi.

Kijitabu kinazieleza hatua hizi kwa ufupi na kwa usahihi, na ninalipongeza hilo. Kinashauri pia kwamba herufi zinazoanzwa pamoja zisifanane kwa umbo wala kwa sauti, hivyo b isikutane na d, wala m isikutane na n, hadi moja iwe imekwisha kukaa. Kuna wazazi wanaoanza na a, b, c, d kwa sababu ndivyo zilivyopangwa, na kabla ya Pasaka mtoto tayari anaandika baba kama dada.

Sasa nizitaje kasoro. Inayoonekana haraka ni ya herufi a, ambayo imekatwa kwa umbo la vitabu vya kuchapishwa, lenye kofia iliyopinda juu, ilhali mwalimu wa PP1 wa binti yangu, na walimu wote wa chekechea ninaowajua, huandika a ya duara. Kifaa kizima kimejengwa juu ya wazo kwamba kidole huufundisha mkono kuandika, kisha irabu inayotumika kuliko zote katika Kiswahili inaufundisha mkono umbo ambalo hautaliandika kamwe. Herufi g nayo ni vivyo hivyo, ina vitanzi viwili kama miwani iliyosimamishwa. Kasoro ya pili ni kwamba herufi zimebandikwa katikati ya kibao, hivyo mkono wa kushoto hauna pa kushikilia bila kuifunika herufi yenyewe, na kibao huteleza mezani kila mtoto anapovuta kidole. Kibao kilichotengenezwa vyema huachwa wazi upande wa kushoto kwa kazi hiyo. Tulitandika kitambaa kibichi chini yake, tatizo likapungua.

Ya tatu ni gundi. Joto la Kisumu mwezi wa Machi si la mzaha, na unyevu wa ziwa huingia hata kabatini, basi ncha za msasa wa k na wa r zilianza kuinuka kabla ya mwezi kuisha. Nilirudi dukani, nikaambiwa kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi. Muuzaji alikuwa mpole sana, lakini upole haugandishi msasa, na ilinibidi nitumie gundi ya maseremala. Msasa wenyewe ni wa kiasi, haukwaruzi wala hautelezi, na baada ya miezi saba bado una ukali wa kutosha.

Hayo yote fundi yeyote angeyarekebisha kwa mchana mmoja. Lililonishughulisha zaidi liko katika lugha, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Njia ya Montessori haianzi na herufi. Inaanza na mchezo wa sauti, ambapo mzazi hupanga vitu vidogo mezani na kusema, "Ninaona kitu kinachoanza na sauti fulani," naye mtoto hukitafuta. Kijitabu kinataka mchezo huu uchezwe kwa wiki kadhaa kabla mtoto hajaonyeshwa kibao chochote. Nikapanga kikombe, sahani, limau na funguo. Nikasema kwamba ninaona kitu kinachoanza na k. Kimya. Nikageuza swali: kikombe kinaanza na sauti gani? Akajibu bila kusita, "Ki." Sahani je? "Sa." Limau? "Li." Nilidhani hajauelewa mchezo, nikaurudia kesho yake na kesho kutwa, na siku ya tatu ndipo iliponijia kwamba asiyeelewa nilikuwa mimi. Mtoto wa Kiswahili hulikata neno pale ambapo lugha yenyewe inalikata, yaani kwenye silabi, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. K ya kikombe haijawahi kumfikia sikioni ikiwa peke yake hata siku moja. Aliyeandika kijitabu alikuwa akimwazia mtoto wa Kiingereza, lugha yenye maneno mengi yanayofungwa kwa konsonanti, ambamo sikio la mtoto huzoea mapema kuisikia konsonanti ikiwa imesimama mwishoni bila kuegemea kitu.

Kwa hiyo wimbo wa ba be bi bo bu, ambao sote tuliuimba tukitazama chati ya ukutani, haukuwa ujinga wa wazee wetu. Unafuata mshono wa lugha. Hata hivyo nilitaka mtoto aifikie sauti moja moja, kwa sababu ya hesabu rahisi: konsonanti 18 zikizidishwa kwa irabu tano ni vipande 90 vya kukariri, na bado hujagusa mwa, nya wala mbwe, lakini anayezijua sauti zenyewe huviunda vipande hivyo mwenyewe, na kwa kuwa irabu ya Kiswahili haibadilishi sauti yake kutoka neno hadi neno, akishaunda kipande amekwisha kusoma.

Kiswahili chenyewe ndicho kilichonifungulia mlango. Mtu, mtoto, mti, mkate, mpira: katika maneno haya m ni silabi kamili isiyo na irabu. Nilipomwuliza neno mtoto linaanza na sauti gani, binti yangu alifunga midomo akasema mmm, na hapo mchezo ukaanza kweli. N nayo ilifuata kwa njia hiyo baadaye, kwa nne na nta. Tangu hapo nimewaambia wazazi wenzangu kwamba kibao cha kwanza kwa mtoto wa Kiswahili kiwe m, cha pili a, na cha tatu s, kwa kuwa s huvutika muda upendao bila kudai irabu. Kwa herufi hizo tatu pekee mtoto anaweza kuunda mama, saa, sasa, na pia msasa, jina la kitu chenyewe alichokishika. Mkiongeza i na k mna samaki, masika, kisima na mkaa, na mtoto anaanza kuona kwamba mambo haya yana maana. Zinazovutika kama f, l, z na v zifuate, kisha vipasuo vingine vije mwisho, kwa kuwa hata mtu mzima hawezi kutamka b au d bila kivuli cha irabu nyuma yake. Ajitahidi tu kivuli kiwe kifupi.

K yenyewe ilikuja kwa msaada ambao sikuutarajia. Jioni moja dani yake alimwita aje anywe chak, yaani maziwa, na mtoto akaja mezani akisema chak, chak, chak, ile k ya mwisho ikikatika wazi kama kijiti kinachovunjwa. Nilichukua kibao cha k nikakiweka karibu na kikombe. Kijaluo kina maneno mengi ya namna hiyo, yanayoishia kwa konsonanti bila irabu, na tangu siku hiyo kila ninapotaka konsonanti kavu ninaikopa kutoka upande huo wa familia.

Kikwazo kingine kilitoka shuleni, nami simlaumu mwalimu, ambaye ana watoto wengi na muda mfupi. Darasani huimbwa majina ya herufi za Kiingereza. Kwa masikio ya Kiswahili, jina la e katika wimbo huo ni i, jina la i ni ai, na jina la a ni ei. Katikati ya muhula wa pili mtoto aliyekuwa amekwisha kuzijua irabu zake alianza kuigusa e na kusema i. Niliviondoa vibao hivyo viwili kwa majuma mawili, nikavirudisha kimoja kimoja, e pamoja na embe lililokatwa mezani, kisha i baadaye. Mzazi atakayenunua seti kama hii ajue kwamba atashindana na wimbo, na wimbo una nguvu. Ushauri wangu ni kwamba wakati wa vibao ubaki wa sauti za Kiswahili tu, na wimbo wa majina uachwe uimbwe njiani kwenda shuleni.

Sasa nije kwenye herufi ambazo hazimo. Kiswahili hakitumii q wala x, na c haisimami peke yake, hivyo vibao vitatu kati ya 26 vilikaa bila kazi tangu siku ya kwanza. Kwa upande mwingine sanduku halina ch, sh, ny, ng', th, dh wala gh, ambazo kwa mtoto ni sauti moja moja, hata kama mkono huandika herufi mbili. Watengenezaji wa vifaa vya Kiingereza huuza sanduku la ziada lenye herufi zilizounganishwa, kwa kawaida kwenye vibao vya kijani, nalo huwa na ch, sh na th, lakini nafasi iliyobaki hujazwa na miungano ya irabu isiyotuhusu. Ny sidhani kama kuna kiwanda kilichoifikiria. Duka letu hata sanduku hilo halikuwa nalo, kwa hiyo nilikwenda soko la Kibuye.

Nilikwenda siku ya kazi, kwa maana Jumapili soko la Kibuye hufurika hadi huwezi kuzungumza na fundi kwa utulivu. Seremala niliyempata, anayetengeneza viti vya chekechea na masanduku ya wanafunzi wa bweni, aliutazama mchoro wangu akauliza, "Mwalimu, hizi ni herufi ama ni mapambo?" Nilipomweleza, aliuliza maswali mazuri kuliko ya muuzaji wa duka: mtoto hushika kwa mkono upi, kibao kitaoshwa au kitapanguswa, kona ziwe kali au ziviringwe. Alikata vibao tisa vya plaiwudi, saba kwa sauti zilizokosekana na viwili kwa ajili ya a na g mpya, akaacha nafasi upande wa kushoto, akavipaka rangi. Gharama ilikuwa shilingi 1,100 za kazi na mbao, na mimi nilinunua karatasi mbili za msasa laini kwa shilingi 120.

Kukata herufi nilikufanya mwenyewe usiku, na hapa kuna tahadhari. Msasa hukatwa kwa upande wa nyuma, wa karatasi, kwa mkasi uliokwisha kuchakaa, na kwa hiyo herufi huchorwa ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Nililisahau hilo. Ny yangu ya kwanza ilitoka mkia ukitazama upande usio wake, na mume wangu akaniuliza kama ni Kiarabu. Ng' ilihitaji ritifaa, kipande kidogo cha msasa kama punje ya mchele, nami nilimfundisha mtoto aguse hapo kwa ncha ya kidole baada ya kumaliza mkia wa g. Anapapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya seti. Herufi hii si ya pembeni katika mji huu, ambako huwezi kumaliza siku bila kumwita Achieng' au Ochieng', na majina hayo yana ch na ng' kwa pamoja.

Sh ilileta kicheko. Kijaluo hakina sauti hiyo, na dani yake, kama wazee wengi wa huku, husema samba na sule, na sote tunamwelewa. Lakini katika kusoma, sindano si shindano, na kusuka si kushuka, kwa hiyo niliiweka sh kando ya s na tukacheza kwa maneno hayo manne. Mama mkwe aliomba naye apewe kibao. Alifumba macho, akapitisha vidole viwili juu ya msasa, akajaribu mara tatu, kisha akacheka akasema, "Huyu mtoto ananifundisha kuongea kama watu wa Mombasa." Alitulipa kwa dh. Wakenya wengi huitamka dhahabu kama zahabu, lakini Mjaluo anayesema dhiang', yaani ng'ombe, tayari ulimi wake umefika kwenye meno. Sauti yake haifanani kabisa na dh ya Kiswahili, kwa kuwa pumzi huzibwa, lakini kutoka hapo kilichobaki ni kuiachia pumzi ipite. Mtoto aliipata dh kwa siku mbili. Th ilimchukua wiki mbili, na gh bado tunaingoja. Kh niliiacha kabisa, maana maneno mengi yaliyokuwa yakiandikwa kwa kh siku hizi huandikwa kwa h.

Kwa hiyo je, sanduku la dukani linafaa? Kwa mzazi ambaye mtoto wake ataanza kusoma kwa Kiingereza, linafaa, mradi akate upya a na g na awe na chupa ya gundi karibu. Shilingi 3,400 ni bei ya juu lakini msasa na mbao zitadumu hadi mtoto wa pili. Kwa mzazi wa nyumba ya Kiswahili, singelinunua tena. Fundi wa Kibuye amenitajia shilingi 2,600 kwa vibao 30, yaani herufi 23 tunazozitumia peke yake pamoja na zile saba za kuunganisha, msasa ukiwa juu ya mteja, na vibao vyake vina pa kushikia. Kasoro yake ni kwamba rangi yake hutoka kidogo mtoto akiwa na jasho, na kwamba lazima mtu akubali kukata msasa usiku.

Kuhusu mtoto mwenyewe, sitadai makubwa. Anazijua sauti 22 kwa uhakika, hupanga maneno mafupi kwa vifuniko vya chupa ambavyo nimeviandika herufi, na tumegundua kwamba hakuna seti ya vifuniko yenye a za kutosha: sentensi ya "baba anakata kamba" pekee ilikula a nane. Kusoma mstari mzima bado. Mtoto wa jirani, wa umri uleule, alivitazama vibao hivi mara mbili akarudi kwenye mpira wake, na mama yake amefanya vyema kumwacha.

Majirani wawili wamekwisha kuagiza seti kamili kutoka kwa fundi, nami nimempelekea michoro, yote ikiwa imegeuzwa inavyotakiwa. Wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza kama akate pia c, q na x, kwa kuwa amehesabu akaona kwamba alfabeti yangu ina mapengo. Nimemwambia azikate mwisho, plaiwudi ikibaki.